Posta na magari ya umeme: Hesabu ya safari za Eastlands

Na MWANDISHI WETU

MJADALA kuhusu magari ya umeme jijini Nairobi umetawaliwa na mabasi ya abiria na pikipiki za bodaboda. Gari la kubebea barua na vifurushi halitajwi sana, ilhali ni miongoni mwa vyombo ambavyo kazi yake ya kila siku inaafikiana vyema na tabia za mashine ya umeme.

Gari la aina hiyo hupita njia ile ile siku nenda siku rudi. Dereva hutoka katikati ya jiji, akapita Barabara ya Landhies na ya Jogoo, akashusha mifuko Makadara au Buruburu, akaendelea hadi Umoja, Kayole au Embakasi, kisha akarudi. Jioni gari huegeshwa uani penye ua na bawabu, likalala hapo hadi asubuhi. Hakuna safari ya ghafla ya kwenda Garissa, wala hakuna usiku wa kulala njiani.

Hata hivyo, kuna kitendawili ambacho wanaoshabikia magari haya aghalabu hawakitaji. Ufupi wa safari unaolifanya gari la Posta lifae kutumia umeme ndio huo huo unaochelewesha kurudi kwa pesa zilizotumika kulinunua. Anayetaka kuelewa kama inafaa kubadilisha magari makuukuu ya Posta yanayohudumia mitaa ya mashariki ya jiji sharti aanzie hapo, wala si kwenye picha za magari mapya yanayong'aa.

Kwanza tumkumbushe msomaji hali ya shirika lenyewe. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kusambaratika mnamo 1977, Kenya iliunda Shirika la Posta na Simu, ambalo lilishughulikia barua, simu na mengineyo chini ya paa moja. Mnamo 1999 shirika hilo lilitenganishwa. Simu zikaenda Telkom Kenya, usimamizi wa sekta ukapewa tume yake, na barua zikabaki na Shirika la Posta la Kenya.

Posta ilibaki na majengo mengi, wafanyakazi wengi, na biashara iliyokuwa karibu kunyauka. Simu za mkononi zilipoenea, barua za jamaa zilikoma. Huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa mnamo 2007, hawala ya fedha iliyokuwa ikitumwa kupitia Posta nayo ikapoteza wateja. Katika miaka ya hivi karibuni wafanyakazi wa shirika hilo wamewahi kukaa miezi bila kulipwa mishahara, na ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetilia shaka zaidi ya mara moja uwezo wake wa kujikimu bila msaada.

Hilo ndilo shirika linaloshauriwa kununua magari mapya. Mtu asiye na akiba huwa hanunui kilicho rahisi. Hununua kinachopatikana, kisha akalipia urahisi huo polepole gerejini.

Kuhusu uchakavu, Posta haiko peke yake. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa nchini kwa gari lililozidi umri wa miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza ng'ambo. Lakini likishaingia, hakuna umri ambao gari la mizigo linalazimika kustaafu. Ndiyo maana katika Barabara ya Lunga Lunga au Outering utakuta malori na vani zilizofanya kazi miongo miwili zikitoa moshi mweusi kila dereva anapokanyaga mafuta. Mnamo 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wachuuzi wa Muthurwa na Gikomba, wanaoketi kando ya barabara kuanzia macheo hadi machweo, huuvuta moshi huo kuliko dereva mwenyewe.

Sasa tuitazame mashine. Injini ya dizeli hufanya kazi vizuri zaidi gari linapokwenda kwa mwendo mmoja, kwa mfano kati ya Athi River na Emali. Kazi ya kusambaza mizigo mtaani ni kinyume cha hayo. Gari huondoka, husimama, huondoka tena. Katika foleni ya Jogoo Road injini huendelea kunguruma na kuchoma mafuta ilhali magurudumu hayazunguki. Kila breki inapokanyagwa, nguvu iliyolipiwa kwa mafuta hugeuka joto na kupotea hewani, huku klachi, gia na vyuma vya breki vikilika.

Gari la umeme likisimama kwenye foleni, mota yake nayo husimama. Kinachotumia umeme wakati huo ni taa, redio na vifaa vingine vidogo. Dereva anapoachilia mafuta au kukanyaga breki, mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu kwenye betri. Breki zenyewe hudumu zaidi kwa sababu hazitumiki sana. Hakuna mafuta ya injini ya kubadilishwa, hakuna plagi, hakuna rejeta inayochemka Donholm saa nane mchana. Kwa ufupi, msongamano unaolichosha gari la dizeli haulisumbui sana la umeme.

Udhaifu wake unajulikana pia. Betri ni nzito na ni ghali, na uwezo wake hupungua kadiri miaka inavyopita. Vani ndogo ya umeme inaweza kwenda kilomita 150 hadi 250 kabla ya kuchajiwa, kutegemea ukubwa wa betri na uzito wa mzigo. Kwa lori linalopeleka mifuko ya barua Kisumu au Mombasa usiku, umbali huo hautoshi, na si busara kuanza na malori hayo. Kwa Eastlands unatosha na kubaki. Kutoka katikati ya jiji hadi Buruburu ni kilomita zisizozidi kumi, na hata ukizunguka hadi Kayole, Dandora na Embakasi katika safari moja, ni vigumu kufikisha mia.

Mataifa tajiri yameshajaribu jambo hili, na yaliyowapata yana manufaa kwetu. Nchini Marekani, sehemu kubwa ya magari ya posta ni yale yaliyoundwa na kampuni ya Grumman kati ya 1987 na 1994. Hayana kipoza hewa wala mifuko ya hewa ya kumkinga dereva ajalini, na baadhi yameshika moto barabarani. Mnamo Februari 2021 idara ya posta ya huko iliipa kampuni ya Oshkosh zabuni ya kuunda magari mapya. Mpango wa awali ulikuwa mengi yawe ya petroli. Baada ya lawama, na baada ya Bunge la nchi hiyo kutenga dola bilioni 3 mnamo 2022, idara hiyo ilitangaza Desemba mwaka huo kwamba ingenunua angalau magari 66,000 ya umeme kufikia 2028.

Pesa zilikuwapo, njia zilikuwapo, anwani zilikuwapo. Hata hivyo, kufikia Novemba 2024, Oshkosh ilikuwa imewasilisha magari 93 tu ya aina hiyo mpya.

Wajerumani walichukua njia nyingine. Kampuni ya Deutsche Post ilinunua mnamo 2014 kampuni changa ya StreetScooter iliyotokana na chuo kikuu cha mjini Aachen, ikajiundia vani zake za umeme na kuzisambaza kwa maelfu. Vani hizo zilibeba barua na vifurushi, lakini biashara ya kuunda magari haikuleta faida, na mnamo 2020 kampuni hiyo ilitangaza kusitisha uundaji. Shirika la barua lilijifunza kwamba kuendesha gari la umeme ni jambo moja na kuliunda ni jingine.

Tukirudi nyumbani, tunaona kwamba Nairobi haiko nyuma kama inavyodhaniwa. Kampuni ya BasiGo ilianza majaribio ya mabasi ya umeme ya viti 25 mapema mwaka wa 2022 ikishirikiana na kampuni za Citi Hoppa na East Shuttle. Kampuni ya Roam, ambayo awali iliitwa Opibus, ilianza kwa kung'oa injini za dizeli kwenye magari ya watalii na kutia mota za umeme, kisha ikageukia pikipiki na mabasi. Kiwanda chake cha pikipiki kilifunguliwa jijini Nairobi mwaka wa 2023. Mnamo Aprili 2023, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ilianzisha bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri: Sh16 kwa uniti saa za kawaida na Sh8 saa ambazo matumizi ya umeme nchini yamepungua, kabla ya ushuru na tozo.

Hebu tupige hesabu. Takwimu zifuatazo ni mfano wa kueleza jambo, si hesabu za Posta.

Tuchukue vani ya dizeli inayokwenda kilomita nane kwa lita moja katika misongamano ya jiji. Mnamo Oktoba 2024 EPRA iliweka bei ya dizeli jijini Nairobi kuwa Sh168.06 kwa lita. Hiyo ni kama Sh21 kwa kila kilomita. Vani ya umeme ya ukubwa huo hutumia takribani uniti moja kwa kilomita nne. Kwa bei ya Sh16, kilomita moja inagharimu Sh4. Kila kilomita basi inaokoa Sh17.

Vani ikienda kilomita 60 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, akiba ni Sh306,000. Si haba. Tuseme vani hiyo ya umeme inazidi ile ya dizeli kwa bei ya Sh1.5 milioni. Mtu aliye na pesa zake mkononi atazirudisha kwa miaka mitano, na baada ya hapo kila shilingi ni yake.

Ila Posta haina pesa mkononi. Itakopa. Mnamo Februari 2024 Benki Kuu ilipandisha kiwango chake cha riba hadi asilimia 13, na katika mwaka huo wastani wa riba za mikopo ya benki nchini ulipita asilimia 16. Riba ya asilimia 16 kwa Sh1.5 milioni ni Sh240,000 katika mwaka wa kwanza pekee. Kati ya akiba ile ya Sh306,000, inabaki Sh66,000 za kupunguza deni lenyewe. Ukitaka kumaliza mkopo huo kwa miaka mitano, utalipa takribani Sh458,000 kila mwaka, na vani yako inaokoa theluthi mbili tu ya kiasi hicho.

Hapa ndipo kitendawili kinapofumbuka. Dizeli haiishi kwa sababu gari halisafiri, na isipoisha, hakuna cha kuokoa. Gari hilo hilo likienda kilomita 90 kwa siku, akiba inafikia Sh459,000 na mkopo unajilipa. Likienda 120, linaleta faida. Dizeli ikipanda, mizani hubadilika: mnamo Oktoba 2023, lita ilipouzwa Sh205.47 jijini, takribani kilomita 70 kwa siku zingetosha. Gari likichajiwa saa za Sh8, takribani kilomita 80 zinatosha hata kwa bei ya 2024. Gharama za gereji, ambazo kwa gari kuukuu si ndogo, zingezidi kuipunguzia vani ya umeme mzigo, lakini nimeziacha kando ili hesabu isionekane imepambwa.

Wenye mabasi waliliona jambo hili mapema. Basi la abiria huzunguka mchana kutwa, na ndiyo maana BasiGo iliweza kubuni mtindo ambao mwenye basi hanunui betri. Katika mpango uliotangazwa 2022, mteja alilipa Sh5 milioni kupata basi, kisha Sh20 kwa kila kilomita aliyosafiri, malipo ambayo yalijumuisha betri, umeme na matengenezo. Deni la betri likahama kutoka kwa mwenye gari hadi kwa kampuni yenye uwezo wa kutafuta mikopo nafuu ng'ambo. Shirika la umma lenye mishahara ya kulipa lingefaidika na mpango wa namna hiyo kuliko kununua magari taslimu na kuyaongeza kwenye orodha ya mali zinazochakaa.

Njia ya pili ni kuanza na magurudumu mawili. Tofauti ya bei kati ya pikipiki ya umeme na ya petroli ni ndogo, hasa pale betri inapokodishwa. Betri ikiisha, mwendeshaji hafungi safari. Huingia kituo cha kubadilishia, akaacha iliyoisha na kuchukua iliyojaa kwa dakika chache. Kampuni za ARC Ride, Ampersand na Spiro zimeweka vituo vya namna hiyo jijini. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipunguza hadi sifuri kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki na mabasi ya umeme. Vani ya mizigo haikupata upendeleo huo, jambo ambalo kwa maoni yangu ni upungufu: msafirishaji wa vifurushi aliachwa katikati ya bodaboda na basi.

Tena, pikipiki ndiyo inayoweza kufika mlangoni, na mlangoni ndiko biashara iliko. Hili linahitaji kuelezwa kwa wasomaji wachanga. Nchini Kenya barua hazikuwahi kupelekwa nyumba kwa nyumba kama inavyofanyika Uingereza. Mfumo wetu ni wa sanduku. Mwenye uwezo alikodi S.L.P. yake kwenye ofisi ya Posta. Asiye nao alitumia ya mwajiri, ya kanisa au ya shule. Wafanyakazi wa reli waliokuwa wakiishi Makongeni, na wale wa baraza la jiji waliokuwa Kaloleni, Jericho na Bahati, walipokea barua kwa anwani ya kazini. Barua za kuitwa shule ya upili zilifika kwa mwalimu mkuu.

Kwa hiyo gari la Posta halikuhitaji kujua ulikuwa nyumba gani. Lilipeleka mfuko kwenye ofisi, wewe ukaja na ufunguo wako. Mfumo huo ulikuwa wa gharama nafuu, na kwa zama zake ulitosha.

Siku hizi kinachosafirishwa ni kiatu kilichoagizwa kwa simu, dawa, kipuri cha gari, sare ya shule. Mnunuzi anataka kiletwe alipo. Mitaa ya zamani ya halmashauri ina nambari za nyumba, na Buruburu, iliyoanza kujengwa miaka ya sabini, ilipangwa kwa awamu na nyuga zinazotambulika. Ukivuka kwenda Pipeline, Tassia au sehemu nyingi za Kayole, unakuta majumba ya ghorofa yaliyobanana katika vichochoro visivyo na majina. Anwani huwa ni maelezo: shuka kwa steji, pita duka la dawa, uliza lango jeusi. Mfumo wa kitaifa wa kuipa kila nyumba anwani umezungumzwa kwa miaka mingi.

Pengo hilo limejazwa na watu binafsi. Kuna maduka yanayopokea vifurushi na kulipwa ada ndogo, kuna matatu zinazobeba bahasha kwa makubaliano ya kondakta, na kuna bodaboda anayepiga simu mara nne kabla ya kukupata. Posta nayo ilikubali mnamo 2016 huduma ya MPost, ambayo humwezesha mtu kutumia nambari yake ya simu kama anwani ya posta na kuarifiwa barua yake inapofika. Ni wazo lililobuniwa na Wakenya, na kwa hakika lilipaswa kusikika zaidi.

Uhusiano wake na gari la umeme ni wa moja kwa moja. Tumeona kwamba gari linahitaji kilomita nyingi zenye malipo ili lijilipie. Kilomita hizo haziwezi kutoka kwa barua, ambazo zinapungua. Zitatoka kwa vifurushi, na vifurushi vitaletwa na mteja anayeamini kwamba kitu chake kitafika. Posta yenye magari kumi mapya lakini inayomtaka mteja wa Utawala aje mjini kuchukua mzigo wake itakuwa na magari mazuri yaliyoegeshwa.

Kuhusu umeme wenyewe, wakazi wa Eastlands wana haki ya kutilia shaka. Kukatika kwa stima mtaani ni jambo la kawaida, na taifa zima liliingia gizani mara tatu katika miezi minne ya 2023: Agosti 25, Novemba 11 na Desemba 10. Transfoma zinazohudumia mitaa yenye miunganisho haramu hulemewa jioni, wakati kila nyumba imewasha taa, televisheni na jiko.

Lakini gari la barua halihitaji umeme jioni. Linahitaji usiku wa manane, wakati mahitaji yameshuka na mitambo ya mvuke ya Olkaria inaendelea kuzalisha kwa sababu mvuke wa ardhini haulali. Karibu asilimia 90 ya umeme wa gridi ya Kenya hutokana na mvuke, maji, upepo na jua, kwa hiyo moshi unaoondolewa Jogoo Road hauhamishiwi tu kwenye bomba la mtambo wa makaa kwingineko. Vani iliyotumia uniti 15 kwa safari ya kilomita 60 inaweza kuzirudisha kwa usiku mmoja kwenye soketi ya kawaida yenye waya madhubuti, bila mtambo wa kasi wa mamilioni ya pesa. Umeme ukipotea usiku mzima, betri yenye uwezo wa kilomita 200 bado ina safari mbili ndani yake.

Zaidi ya hayo, Posta ina kitu ambacho kampuni changa za vifurushi hazina: viwanja. Ofisi zake mitaani zina ua, ukuta, mlinzi na mita ya umeme. Sioni sababu ya uani hapo pasiwekwe kabati la kubadilishia betri za bodaboda na kutozwa kodi ya pango. Pesa hizo hazingefuta madeni ya shirika, lakini zingelipa bili ya stima ya magari yake.

Kuna wanaouliza kama magari yaliyopo hayawezi kubadilishwa injini badala ya kutupwa. Swali hili ni la haki, kwa kuwa Opibus ilifanya kazi hiyo hapa hapa Kenya. Jibu linategemea chombo. Gari la watalii lenye bodi imara na bei kubwa linastahili gharama hiyo. Vani ya mizigo ambayo sakafu yake imeliwa na kutu, hapana. Betri itadumu kuliko gari lililoibeba. Malori makubwa yenye fremu nzima yanaweza kufikiriwa, ila hayo ndiyo yaendayo mbali, na tumeshaona kwamba umbali si rafiki wa betri.

Upande wa mafundi, Kariobangi Light Industries na gereji za Grogan zimekuwa zikiishi kwa injini zinazochemka. Fundi wa kuchonga silinda hatapata kazi kwenye gari lisilo na silinda. Atabaki wa bodi, wa matairi, wa sahani za breki na wa springi, na atahitajika fundi mpya anayejua kuzima umeme wa volti mamia kabla ya kugusa waya. Mafunzo ya namna hiyo lazima yatangulie magari. Mekanika aliyezoea kujaribu betri ya volti 12 kwa kugusanisha nyaya atapoteza maisha akijaribu hivyo hapa.

Jambo la mwisho ni betri zinapozeeka. Eastlands ina jaa la Dandora, ambalo limepokea taka za jiji tangu miaka ya sabini, na kila kinachoweza kuuzwa huchambuliwa pale kwa mikono mitupu. Kenya imeshaona betri zikisindikwa kiholela. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za risasi kilisababisha sumu kuingia kwenye miili ya wakazi, na mnamo 2020 mahakama iliwapa fidia ya Sh1.3 bilioni, uamuzi ambao Mahakama ya Juu iliurejesha Desemba 2024 baada ya kubatilishwa katika rufaa. Betri za lithiamu hazina risasi, lakini zikitobolewa hushika moto usiozimika kwa ndoo ya maji. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtaka mwenye kuleta bidhaa awajibike nayo hadi mwisho wa maisha yake. Zabuni yoyote ya magari ya Posta isiyotaja nani atachukua betri baada ya miaka kumi itakuwa imeacha sehemu ya bei bila kuandikwa.

Kabla ya zabuni hiyo, hata hivyo, kuna kazi isiyohitaji mkopo. Dereva wa gari la umma nchini hujaza karatasi ya safari kila siku: alikoanzia, alikokwenda, kilomita zilizosomwa kwenye dashibodi, lita zilizotiwa. Karatasi hizo zikipangwa kwa njia, Buruburu peke yake, Embakasi peke yake, Kayole na Dandora peke yake, zitaonyesha ni magari gani yanayovuka kilomita 90 kwa siku na yapi yanaishia 40. Yale ya kwanza ndiyo ya kubadilishwa mbele. Ya 40 yanaweza kuunganishwa mawili yakawa moja, au kazi yake ikapewa pikipiki tatu.